Mke wa Mwarandu na Waya za Chaani

Kijiwe kile cha Chaani kiliitwa Chini ya Waya, na aliyekwenda akainua kichwa mara moja hakuuliza tena kwa nini. Benchi lilikuwa ubao mrefu uliolazwa juu ya matofali, karibu na miguu ya mnara wa chuma, na juu angani waya kubwa za stima zilipita zikitoka upande wa bandarini zikielekea bara. Asubuhi zenye umande zilinguruma kama mzinga wa nyuki. Stima hiyo ilipita kwa kishindo juu ya nyumba za udongo na mabati ambazo hata moja haikuwa na taa. Wenyeji wake walikuwa wakiwasha koroboi na kufuta masizi puani kila kukicha. Hapo ndipo Ami Shebwana alipoteleka dele lake la kahawa kila siku baada ya alfajiri, akapanga vikombe na kashata, na hapo ndipo walipokutana wanaojua kila kitu. Alikuwako Ruwa, aliyeitwa Injinia kwa sababu zamani aliwahi kuchimba mashimo ya nguzo za umeme kama kibarua. Alikuwako Kaviha, aliyeitwa Redio. Redio ndogo ilikuwa imeganda sikioni mwake, na betri zikiisha aliendelea kutoa habari vilevile. Na alikuwako Mzee Mwidani, mstaafu wa bandarini, mzaliwa wa mji, aliyeitwa Mzee Misemo. Hakuwahi kukosa methali, ila methali yenyewe ndiyo iliyokosa mahali pake.

Mwarandu yeye walimwita Kimya. Alikuwa mpakiaji wa magunia ya saruji, mtu wa mabega mapana na maneno machache, na kila asubuhi kabla ya kwenda kazini alikunywa kahawa yake, akasikiliza, akaondoka. Kwa hiyo asubuhi moja ya vuli, mwaka wa tisini na moja, alipoweka kikombe chini na kukohoa, benchi zima lilimgeukia.

— Jamaa, nina neno nataka kuuliza.

— Kimya anataka kusema! — akasema Redio. — Leo mvua itanyesha ya mawe.

— Hizi waya, — akasema Mwarandu, na hakuzitazama. — Zaweza kumdhuru mwanamke mwenye mimba?

Kila mmoja alikuwa akimeza kahawa haraka awahi kusema wa kwanza.

— Umeuliza mahali pake, — akawahi Injinia. — Mimi nimefanya kazi na stima. Stima, ndugu yangu, ni kama maji ya mfereji. Mfereji ukizeeka, huvuja. Na hizo waya zina umri gani? Zavuja! Yale mangurumo usikiayo asubuhi ni matone yanayoanguka.

— Mbona hayaonekani?

— Ungeyaona, ungekuwa injinia.

— Mkeo Kanze ana nini? — akauliza Ami Shebwana akimwaga maji ya kusuuzia vikombe. Alikuwa mtu wa kuuliza kwa sauti ya chini, na kama kawaida hakuna aliyemsikia ila aliyeulizwa.

Mwarandu akaeleza. Mimba ilikuwa imekwenda mbali, si ya kuficha tena. Kichwa kilikuwa kikimgonga Kanze tangu wiki iliyopita. Miguu imevimba hata ndara hazimwingii. Na akienda kuanika nguo asubuhi, ule uzi wa waya wa kuanikia ukimgusa vidole, humtekenya kama siafu.

— Humtekenya! — Injinia akaruka akasimama. — Mmesikia? Uzi wa nguo! Sisemi tena. Ushahidi ndio huo.

Na hilo, ukweli usemwe, halikuwa la kucheka. Mwarandu mwenyewe aliushika uzi ule siku ya umande akausikia ukimtembea vidoleni, na tangu siku ile usingizi wake haukuwa usingizi. Alikuwa amejenga pale kwa sababu hapakuwa na mwingine aliyepataka. Hapakuwa na mwenye ardhi, hapakuwa na ugomvi wa mpaka. Fundi alimwambia, "Hapa ni juu yako," naye akacheka, kwa kuwa kilichokuwa juu yake kilionekana wazi.

— Nimesikia kwenye redio, — akasema Redio, — huko Ulaya wamelipima jambo hili. Ng'ombe wanaolala chini ya waya hutoa maziwa ya buluu.

— Ya buluu?

— Buluu kabisa, kama wino. Na huko watu hawajengi chini ya waya hata choo.

— Basi kwa nini zimepitishwa kwetu? — akauliza Mwarandu. — Kwa nini hazikupita Nyali?

— Hilo jepesi, — akasema Mzee Misemo, akikaa vizuri na kukunja kikoi. — Sikiza mwanangu. Wahenga walisema, aliye juu mngoje chini. Waya ziko juu, wewe uko chini, wazingoja. Wa Nyali wangezingoja na nini, ilhali majumba yao ni ya ghorofa? Wangekutana nazo njiani.

Wote wakatikisa vichwa kana kwamba wamejibiwa.

— Na ile mimba yako ya kwanza, — akasema Redio, ambaye hakujua kuna maneno huachwa, — si iliharibika papa hapa?

Mwarandu akakitazama kikombe chake.

— Ile tulikuwa Mariakani.

— Mariakani kuna reli! — akasema Injinia. — Reli ni chuma, chuma ni njia ya stima. Umeona? Imekufuata.

Mtoto yule wa kwanza hakuwa amepewa hata jina. Mwarandu aliwahi kulibeba lile furushi dogo mikononi, yeye ambaye hubeba magunia, na alijua tangu hapo kwamba kuna mzigo mwepesi unaomshinda mtu nguvu. Hakuwa na mahali pengine pa kuuliza. Nyumbani kwao walikuwa mbali, na hawa angalau walisema bila kusita.

— Nilisema nimpeleke kliniki kesho, — akasema. — Alikwenda mara moja mwanzoni, wakamwambia arudi.

Injinia akashika kichwa kwa mikono miwili.

— Kliniki! Kimya, huna akili? Kliniki kuna nini ndani? Kuna taa za mrija, kuna mafeni, kuna mashine za kupiga picha mifupa. Yote stima! Mtu ameungua na moto, wamtoa motoni kumtia jikoni?

— Haraka haraka haina baraka, — akasema Mzee Misemo.

— Kwanza mkaushe stima aliyo nayo, — akasema Injinia. — Mpira hauingizi stima. Miguu ya kitanda uitie kwenye tairi kuukuu. Na yeye alale na ndara miguuni.

— Ndara hazimwingii, nimesema miguu imevimba.

— Mfunge na kamba.

Ami Shebwana akamtilia Mwarandu kikombe cha pili bila kuombwa.

— Mke wangu alipokuwa hivyo, — akaanza, lakini Redio akainua mkono kwa sababu taarifa ya habari ilikuwa inaanza, na Ami Shebwana akanyamaza akafuta kikombe kilichokuwa tayari kikavu.

Jioni ile Mwarandu alirudi nyumbani na tairi begani. Kanze alikuwa ameketi mkekani, mgongo ukutani, kitambaa chenye maji kimefungwa kichwani. Alikuwa mwanamke mwenye ulimi, na hata maumivu hayakuuchukua wote.

— Umenunua gari?

— Ni za kitanda. Injinia anasema mpira hauingizi stima.

— Na hizo kamba?

— Za kufungia ndara. Ulale nazo.

Kanze akachukua kamba moja akaivuta kuipima.

— Huyo Injinia, mkewe hulala na ndara?

— Sikumuuliza.

— Kamuulize. Na akikwambia ndiyo, muulize kama alioa mke au msafiri.

Lakini alimwona jinsi alivyopiga magoti akikata tairi kwa panga, jasho likimdondoka, akipima kila mguu wa kitanda kwa vidole, na akajua kwamba huyu mtu anaogopa. Basi akanyoosha miguu yake iliyovimba akamwacha afunge. Kidole cha Mwarandu kilipobonyeza kifundo cha mguu, shimo likabaki pale kama kwenye unga uliokandwa. Wote wawili waliliona. Mwarandu akasema itakuwa ni stima inatafuta pa kutokea, maana ndivyo Injinia angesema.

— Kliniki tutakwenda lini? — akauliza Kanze.

— Ikaushwe kwanza.

— Nini?

— Stima.

Kanze akafumba macho, na safari hii hakutania.

Tairi hazikusaidia. Baada ya siku chache Kanze hakuweza kusimama jikoni. Jirani ndiye aliyewapikia. Mwarandu alikwenda kijiweni mapema kuliko siku zote, akakuta jambo lake limeshakuwa jambo la mtaa, na kila mmoja amelilala akaamka nalo limenona.

— Nimechunguza, — akasema Redio. — Kuku wa Chini ya Waya hutaga mayai yasiyo na kiini. Na jogoo wa yule mama wa viazi huwika adhuhuri. Adhuhuri, jamani! Kwa nini? Saa yake imeharibiwa na volti.

— Hayo madogo, — akasema Injinia. — Mimi nimefika ndani zaidi. Nimekaa nikajiuliza: hii stima yatoka wapi?

— Si kwenye mitambo?

— Mitambo! Hivyo ndivyo wanavyotaka ujue. Mitambo ile ingetosha mji wote huu? Sikizeni. Binadamu ana stima mwilini. Ndiyo maana ukigonga kiwiko wasikia tiiii. Sasa waya zikipita juu ya watu, zafyonza. Sisi ndio betri!

Benchi likaguna kwa mshangao mtamu.

— Wallahi, — akasema Mzee Misemo, — kikulacho ki nguoni mwako. Chetu ki paani mwetu.

— Ndiyo maana jioni twachoka! — akasema Redio. — Mimi nashangaa siku zote, nimekaa kutwa kucha hapa bila kufanya lolote, jioni hoi. Kumbe nimefyonzwa!

Mwarandu, ambaye alikuwa akibeba saruji tangu asubuhi hadi jua la jioni, alikuwa na dhana nyingine juu ya uchovu, lakini hakuitoa.

— Na mwenye mimba, — akaendelea Injinia, — ni betri mbili. Afyonzwa mara mbili. Ndiyo maana avimba.

— Akifyonzwa si angepungua? — akauliza Ami Shebwana.

— Ami, wewe pika kahawa.

— Jana ameanza kuona vimulimuli, — akasema Mwarandu kwa sauti nyembamba isiyofanana na mabega yake. — Mchana. Anasema vyaruka mbele ya macho.

— Cheche! — wakasema Injinia na Redio kwa pamoja.

— Zimefika machoni, — akasema Injinia, na uso wake uling'aa kama wa mtu aliyeshinda bahati nasibu. — Kimya, hapa hapana mchezo tena. Paa lako ni la nini?

— Mabati.

— Mabati! Mabati hupokea stima kama sufuria ipokeavyo mvua, halafu huimwagia ndani. Sisi twashughulika na tairi za chini, kumbe shimo liko juu. Ling'olewe paa. Ezeka makuti.

— Makuti nayo hayapitishi, — akathibitisha Redio. — Nimesikia.

— Na mimi nasema mumpeleke hospitali, — akasema Ami Shebwana, na mara hii sauti yake ilipanda kidogo. — Vimulimuli si jambo la kukalia.

— Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, — akamjibu Mzee Misemo.

— Yaani nini, mzee?

— Yaani ndiyo hivyo.

Wakakubaliana kesho yake asubuhi waende wote. Injinia ataleta mkokoteni wa kuchukulia mabati, Redio ataleta ngazi, Mzee Misemo atasimamia. Mwarandu aliona machozi yanamjia. Hakuna mwanamume Chaani aliyewahi kujitolea kumsaidia kwa lolote, na sasa watatu kwa mpigo. Aliwashukuru mmoja mmoja kwa mkono.

Asubuhi hiyo haikuwa na umande wala jua. Mawingu yalikuwa yametanda tu. Redio alipanda juu, redio yake imening'inia shingoni ikiimba taarabu. Injinia alipanda na msumeno ambao hakuna aliyejua ni wa nini. Mwarandu alikuwa akipokea mabati chini na kuyapanga mkokotenini. Mzee Misemo aliketi pembeni kwenye kigoda cha Kanze.

Ndani, Kanze alikuwa amelala kitandani juu ya tairi. Kila msumari uliong'olewa ulimpita katikati ya kichwa. Bati la kwanza likatoka, mwanga ukaingia, akageuza uso ukutani. Bati la pili likatoka.

— Mwarandu, — akaita. — Nasikia vibaya hapa chini ya kifua.

— Vumilia kidogo mama, ndiyo yatoka hiyo! — akajibu Injinia kutoka juu, ingawa hakuitwa yeye.

Mwarandu akaingia. Akamkuta mkewe anamtazama, lakini kana kwamba anamtazama mtu aliyesimama nyuma yake. Uso wake ulikuwa umejaa, kope zimevimba. Akasema polepole, na maneno yale ndiyo yaliyobaki na Mwarandu siku zote:

— Nimekuacha ufanye yote uliyotaka. Sasa mimi nakuona wawili.

Hapo ndipo Kahaso alipofika. Huyu alikuwa dada mkubwa wa Kanze, aliyekuwa akiishi Bamburi na kuuza mitumba. Alikuwa amesikia kwa mtu wa tatu kwamba mdogo wake haonekani sokoni, akafunga biashara yake akaja. Alisimama uani na kikapu kichwani, akatazama. Juu ya nyumba ya shemeji yake palikuwa na watu wawili wazima, mmoja na msumeno, mmoja akicheza taarabu kwa mabega. Mabati yamelazwa mkokotenini.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, — akasema Mzee Misemo kwa adabu, na hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza na ya mwisho kupatia, wala hakujua.

— Salaam aleikum, — akasema Kahaso. — Kuna nini hapa?

— Tunamtibu mdogo wako, — akasema Redio kutoka juu.

— Ana nini?

— Stima, — akasema Injinia. — Ni mambo ya kilovolti, mama, ni marefu. Waya hizi zafyonza, halafu mabati yarudisha, halafu kuna tatizo la reli ya Mariakani...

Kahaso akaweka kikapu chini. Hakupandisha sauti.

— Hospitali wamesemaje?

Redio akamtazama Injinia. Injinia akautazama msumeno. Mzee Misemo akafungua kinywa, na kwa mara ya kwanza tangu ajulikane pale Chaani, methali haikuja. Taarabu ikaendelea kuimba peke yake mpaka Redio akaizima.

— Nimeuliza, — akasema Kahaso. — Watu wazima mko wanne. Hospitali wamesemaje?

Mwarandu alikuwa amesimama mlangoni. Akasema:

— Hatujampeleka.

Kahaso akampita akaingia ndani. Alikaa muda mfupi tu. Alipotoka hakuwa yule aliyeingia. Alikuwa amejifunga leso kiunoni.

— Shusheni mabati, mpandisheni mtu.

— Lakini mama, hospitali yenyewe yatumia... — akaanza Injinia.

— Wewe wa juu, ukisema neno jingine naondoa ngazi.

Mabati yakashushwa, yakamwagwa uani kwa kelele iliyowatoa majirani nje. Wakatandika godoro mkokotenini, wakamlaza Kanze, na Mwarandu akashika vipini mwenyewe. Hakumruhusu mtu amsaidie. Aliusukuma mkokoteni ule kwenye njia ya mashimo ya Chaani kwa mbio za mtu anayekimbizwa, na wakati uleule kwa upole, akikwepa kila jiwe, huku Kahaso akikimbia kando ameshika mkono wa mdogo wake, mpaka barabarani, ambako mwenye pikapu ya mboga alisimama bila kusimamishwa, akawapakia.

Hospitalini hawakungoja foleni. Muuguzi alimfunga Kanze mkanda wa kupimia mkononi, akautazama, akaufunga tena kana kwamba hakuamini, kisha akaita watu. Mwarandu alibaki ukumbini chini ya taa ya mrija iliyokuwa ikilia jiii, na hakuwa na nafasi moyoni ya kuiogopa.

Daktari alikuja baadaye, kijana mwenye macho ya kukosa usingizi.

— Wewe ndiye mume? Mkeo ana presha, ile ya mimba. Ndiyo iliyomvimbisha, ndiyo ya kichwa na ya macho. Imepanda sana. Ingekuwa kesho ningezungumza na wewe mengine. Lazima mtoto atolewe sasa, ingawa muda haujatimia.

— Mtoto atakufa?

— Tutajaribu asife. Mbona hukumleta mapema?

Mwarandu alifikiria tairi, na ndara, na betri mbili, na akaona hakuna hata moja linaloweza kusemwa mbele ya mtu huyu. Akasema tu:

— Tunaishi chini ya waya kubwa. Nilidhani ni hizo.

Alingoja achekwe. Daktari hakucheka. Alijikuna shavu.

— Hilo la waya sijui, — akasema. — Wako wanaolichunguza huko nje. Wengine wasema zina madhara, wengine wasema hakuna kitu. Mimi sijui. Lakini presha naijua.

Mtoto alitolewa, akawa msichana, mdogo kiasi cha kutoshea kwenye kiganja na nusu cha baba yake, na akatiwa kwenye sanduku la kioo lenye joto. Joto lile lilitoka kwenye stima. Kanze alipofumbua macho na kuona mtu mmoja badala ya wawili, alimtazama Mwarandu akilia waziwazi kama mtoto, akamwambia:

— Nyamaza. Lakini usinifanyie tena hivyo.

— Sitakufanyia.

— Na tutahama?

— Nikipata mahali. Sijui kama zina dhara, Kanze. Daktari mwenyewe hajui.

— Mimi sitaki kujua. Zinanipigia kelele na uzi wangu wa nguo wauma, hiyo yanitosha kuzichukia. Lakini kabla ya kuhama, nitarudi kulala wapi? Kahaso aniambia mmeniachia nyumba ina tundu.

Kwa ajili hiyo Mwarandu alirudi Chaani na kupita kijiweni asubuhi. Walikuwako wote watatu. Walimpokea kwa shangwe.

— Hongera baba! — akasema Injinia. — Umeona? Tungechelewa kutoa lile bati la pili, ingekuwa habari nyingine.

— Mimi naona zilikuwa tairi, — akasema Redio. — Zilimkausha, presha ikapata pa kuonekana.

— Mvumilivu hula mbivu, — akasema Mzee Misemo, ambaye misemo ilikuwa imemrudia.

— Na daktari alisemaje kuhusu waya? — akauliza Injinia akiinama mbele. — Tuambie alivyosema hasa.

— Alisema hajui.

Injinia akamtazama Redio. Kisha wakacheka, wakacheka mpaka kahawa ikamwagika.

— Hajui! Daktari mzima!

— Amesoma miaka yote hiyo, hajui!

— Mimi ningekuwa yeye ningeona haya. Mtu akuuliza jambo, wewe wasema hujui? Hapa kijiweni ungemaliza mwezi?

Mwarandu aliwaacha wacheke mpaka mwisho. Akautazama uso wa kila mmoja, na kwa mara ya kwanza hakuona ndani yake mtu anayejua zaidi yake.

— Mke wangu anatoka hospitali kesho kutwa, — akasema. — Mtoto atafuata akikua kidogo. Mabati yamelala uani, na mawingu hayo hapo. Nani kati yenu anapanda na mimi leo kuyarudisha?

Redio akakumbuka kuna mazishi Mikindani. Injinia akauma mdomo, akasema kazi ya kurudisha si kazi ya injinia, ni kazi ya fundi. Mzee Misemo akashika goti lake na kusema mguu umeanza, akaomba kikombe kingine. Hakuna aliyemtazama Mwarandu.

Akaenda peke yake. Aliegemeza ngazi ukutani, akapanda na nyundo kiunoni na misumari mdomoni, akavuta bati la kwanza kwa kamba. Ngazi ilikuwa mbovu, ikayumba. Kisha ikaacha kuyumba. Alipotazama chini alimwona Ami Shebwana amesimama, amekunja mikono ya kanzu, ameishika ngazi kwa nguvu zote za uzee wake.

— Ami, na biashara?

— Gonga, mwanangu. Mvua yaja.

Akagonga. Juu yake waya zilinguruma, na kwenye kijiwe, hatua chache tu kutoka pale, watatu walikuwa wameketi karibu na dele lililojaa, likifuka moshi juu ya makaa, na hakuna aliyejua kulimimina asijiunguze.

— Ami Shebwana! — akaita Injinia. — Kahawa!

Mzee yule hakugeuka.

— Kahawa imekwisha, — akasema, akaishika ngazi vizuri zaidi.